Navsari: Waume Ishirini na Watatu, Wake Kumi na Tisa

Mume wangu Kanti, kabla hajafariki hapa Johannesburg, aliniachia kazi moja: niende India, wilaya ya Navsari, nikamwandikishe katika kitabu cha ukoo wao. Babu yake, fundi viatu, aliondoka huko kwa meli, na tawi lao likaishia kwenye jina lake. Kanti alisema tawi lisiloendelea kitabuni huhesabiwa limekufa. Alisema hivyo watoto wetu wawili, Neema na Jayan, wameketi pembeni ya kitanda. Mimi ni mtu wa Morogoro. Tulioana akiwa mkimbizi Tanzania, nikamfuata aliporudi kwao Afrika Kusini. Nauza vitenge Newtown, na bei ya kwanza sijawahi kuikubali.

Februari 2017 niliondoka nyumbani Doornfontein. Mizigo niliihesabu mara mbili. Lilikuwa begi moja.

Kutoka Mumbai nilipanda treni ya kaskazini, saa tano njiani. Kulia kulikuwa na vilima vya mbali. Kushoto nchi ilishuka hadi pwani, ambako udongo una chumvi na hauzai kitu. Katikati ni udongo mweusi, miwa na miti ya matunda. Kwa miwa ile ungedhani uko Kilombero.

Alasiri, stesheni ya Navsari, alinipokea Ramesh, binamu wa Kanti, mwalimu wa Kiingereza. Aliniita bhabhi, yaani mke wa kaka. Nami nikamwita shemeji. Njiani tuliwapita wakata miwa, familia nzima chini ya mahema ya nailoni. Ramesh alisema hao si wa hapa, hushuka kutoka milimani kila msimu. Nikamuuliza wameshuka misimu mingapi. Akasema tangu babu yake hajazaliwa.

Kijijini, nyumba nzuri ndizo zilizofungwa. Mafundi viatu hawakuwa na ardhi, Ramesh alinieleza, ndiyo maana waliondoka: Durban, Johannesburg, Burma. Wajukuu wakajenga, wakafunga, wakarudi walikotoka. Katika mtaa wao nilihesabu kufuli kumi na moja. Niliporudia, kumi na mbili.

Asubuhi iliyofuata alikuja barot, mtunza kitabu, kwa pikipiki. Kazi hiyo ameirithi kwa baba yake. Kitabu kilifungwa kwa kitambaa chekundu, na kabla ya kukifungua yeye na Ramesh walikitia, kwa heshima, nukta nyekundu na punje za mchele. Akasoma kwa sauti ya kuimba, mume na mke wake, baba wa mke, kijiji cha mke. Ramesh alinitafsiria polepole.

Kanti ataandikwa, barot alisema. Watoto ni shida, kwa sababu mama yao hana ukoo unaojulikana. Ila njia ipo: aandike mke mwingine wa kubuni, Savita, binti wa kijiji jirani, na watoto wawe wake. Nani ataenda kuuliza?

"Ni jambo la kawaida, bhabhi," Ramesh alisema bila kuniangalia. "Kanti atapata alichotaka."

Eish. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, halafu Savita.

Nikaomba asome tena tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilikuwa nimehesabu waume ishirini na watatu, wake kumi na tisa. Mara ya pili ikawa vilevile.

"Shemeji, muulize hawa waume wanne wasio na wake walizaa na nani."

Barot alifunika kalamu. Wakazungumza wao kwa wao kwa muda. Mmoja alirudi na mke kutoka Burma, Ramesh akasema. Mwingine alioa binti wa wakata miwa. Wawili, hakuna ajuaye. Watoto wao wote wameandikwa.

"Basi wanangu waandikwe hivyo hivyo. Mahali pangu paachwe wazi. Savita simtaki."

Barot alinitazama kwa muda, kama mnunuzi anayepima iwapo nitaondoka kweli. Kisha akafungua kalamu. Kanti. Nafasi. Neema. Jayan.

Nilirudi Johannesburg na picha ya ukurasa ule kwenye simu. Safari imenifundisha kwamba katika kitabu cha watu lazima uwahesabu na wasiomo. Neema hajui herufi zile, wala mimi, nikamsomea kwa kukumbuka. Akauliza, kwa Kiingereza chake, mimi, mama yake, niko wapi. Nikaweka kidole kwenye picha, juu ya nafasi tupu, kati ya jina lake na la baba yake.

"Hapo."