Jumamosi Tuliyozima Simu Hosteli Nzima

Enzi zetu za hosteli, na msicheke, maana hata sisi ambao magoti bado hayajaanza kulalamika tuna enzi zetu, mtandao haukuwa kitu cha kufungua tu ukatumia. Chuo chetu kilikuwa Nyeri, kwenye mteremko unaotazamana na mtaa wa Majengo. Asubuhi ukungu uliganda dirishani, na nguo ulizoanika jana ulizikuta na maji yaleyale. Tulikunywa chai ya tangawizi kwenye vikombe vya plastiki, tukala chapati za Majengo zilizofungwa kwa gazeti, vidole vikiwa baridi hata kushika kalamu ni kazi. Aliyesoma pande hizo za Mlima Kenya anaijua Julai.

Waifai walituwekea, kisha wakaifunga. Tovuti za masomo zilifunguka, lakini sinema, soga na simu za video, hapana. Ukijaribu, uliletewa ukurasa mweupe wenye maandishi mekundu kwamba unachotaka hakiruhusiwi. Aliyeomba tufungiwe ni Mama Matron, msimamizi wa hosteli, baada ya matokeo yetu kuanguka. "Mliletwa hapa kusoma," alizoea kutuambia, "si kuangalia watu wakicheza."

Njambi, msichana wa Othaya aliyekaa chumba cha jirani, ndiye aliyetukomboa. Binamu yake alimpa VPN, programu inayoficha unakokwenda ili kizuizi kisikuone. Tukatumiana kwa Bluetooth, simu kwa simu, hadi kila kitanda kikawa nayo. Raha yenyewe haikudumu. Kila mtu akawa anatazama drama saa ileile, na mtandao ukawa mzito hata barua pepe haifunguki.

Mimi nililala kitanda cha chini. Cha juu kilikuwa cha Mwende, mtoto wa Kitui. Baba yake alikuwa polisi, kazini huko kaskazini. Muhula ule gari lao la kazi lilipinduka. Mama yake alimpigia akamwambia, "Baba yako ameumia kidogo tu, wewe soma." Baba mwenyewe akapiga siku chache baadaye, anacheka kama kawaida, anauliza kama baridi ya Nyeri bado haijamuua. Mwende hakuamini.

"Kidogo ni kidogo gani?" aliniuliza. "Wananificha kwa sababu ya mitihani, Nyawira. Mimi nataka kumuona amesimama."

Tangu hapo hakutulia. Alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena. Alifungua kitabu, akainuka kwenda dirishani, akarudi, akasahau alikuwa anasoma nini. Kitanda chake kililia kila alipogeuka, nami chini nikageuka naye. Bando ya kupiga simu ya video hatukuwa na uwezo nayo, na hata ungeipata, upande wetu wa jengo mawimbi yalikuja na kuondoka. Tumaini lilikuwa ile VPN. Rafiki wa baba yake alikuwa na simu nzuri, na angemtembelea mzee hospitalini Jumamosi mchana.

Jumamosi ikafika. Mwende akapiga. Uso wa mzee ulitokea vipande vipande, ukaganda mdomo wazi, ukapotea. Akapiga tena. Sauti ikakatika. Mwende akazunguka chumba akiwa ameinua simu juu, akapanda kiti, akashuka, machozi yakiwa karibu.

"Ngoja," nikamwambia, nikatoka mbio.

Nilibisha mlango baada ya mlango. "Tafadhali zimeni simu kidogo, Mwende anatafuta baba yake!" Wengine walizima bila swali, wengine walinung'unika. Njambi alikuwa amejifunika blanketi, simu puani.

"Ati nizime? Na hii kitu ni mimi nilileta! Drama yangu imebaki kidogo tu."

"Njambi, baba yake alipata ajali. Hajamuona tangu siku hiyo."

Alinitazama. Akazima simu, akavaa kandambili, akapanda ghorofa ya juu na kuwazimisha wenzake kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Hosteli ikanyamaza hadi nikasikia fundi akigonga mabati kule Majengo. Niliporudi chumbani, Njambi nyuma yangu, picha ilikuwa imetulia. Mzee alikuwa kwenye kioo, amekonda kidogo, anatabasamu.

"Baba, simama," Mwende alisema.

"Ah, wewe! Si unaniona? Niambie masomo."

"Baba. Simama nikuone."

Mzee aliacha kutabasamu. Kisha akamwambia mwenzake, "Shika hii." Picha ikayumba, tukaona ukuta, tukaona kitanda, kisha tukamwona akiinuka kwa magongo. Mguu wa kulia wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti.

Mwende alishika ukingo wa kitanda. "Inauma?"

"Usiku, kidogo. Mchana nasumbua manesi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mama, na uko mbali hivyo peke yako?"

Sijui Mama Matron alikuwa mlangoni tangu lini. Kimya ndicho kilichomleta. Alijua wasichana wakinyamaza mchana kuna jambo. Nilidhani ataichukua simu. Badala yake aliinama karibu na kioo.

"Pole sana, mzee. Mimi ndiye mama yao hapa."

"Asante, mama. Huyu wangu anakula?"

"Anakula. Kulala ndiyo shida."

Akatuvuta nje, Njambi na mimi. "Hiyo kitu mnatumia, Jumatatu inafungwa," alisema, akijifuta macho kwa upindo wa leso. "Leo mwacheni amalize."

Na Jumatatu ilifungwa kweli. Njambi alilia kuliko Mwende. Mwende mwenyewe alilala mchana ule wa Jumamosi hadi chakula cha jioni, kitanda kimya, na kesho yake akafungua vitabu. Siku ya mahafali baba yake alikuja na mguu wa bandia, akapanda ngazi za ukumbi taratibu, akikataa kushikwa mkono.

Siku hizi binti wa kaka yangu anasoma chuo hukohuko Nyeri. Waifai iko wazi usiku na mchana, hakuna ukurasa mweupe, hakuna wa kubishiwa mlango. Sisi tulichokiiba, wao wamekuta kimewekwa mezani. Juzi nilimtembelea, nikampelekea maparachichi ya soko la Gakindu. Kaka yangu akapiga simu ya video, kama afanyavyo kila jioni. Binti akapokea, akailaza simu kitandani, akaendelea kupaka kucha rangi, baba wa watu akiongea na dari.

"Shangazi, hii net yetu inasumbua, wacha tu," akaniambia.

Niliiokota simu. Kaka yangu alikuwa pale, safi kabisa, kila mvi inaonekana, akingoja mtu amtazame.