Kibali cha Kumhamisha Popi

Mwaka ule baada ya mvua za El Nino, Titus alimjengea mama yake nyumba Kinanie, karibu na kiwanda alichofanyia kazi. Katunge alikubali kuhama Katangi kwa sharti moja tu, kwamba Popi aende naye. Mwanawe angeshinda kazini kutwa nzima, na mjane huyu hakuwa tayari kuzeeka akizungumza na kuta za mawe. Mbwa wake alikuwa msikivu kuliko wengi aliokaa nao kanisani.

Bahati mbaya kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia Yatta, na serikali ikapiga marufuku mbwa kutoka eneo lile bila kibali. Mbuzi alitoka, kuku alitoka, hata punda alijiendea zake. Mbwa ndiye aliyehitaji chanjo kwanza, kisha afungwe nyumbani mwezi mzima, ndipo aandikiwe ruhusa. Katunge alieleza hayo mara tatu kwa chifu, akidhani akiyarudia yataleta maana.

Siku ya chanjo akamburuta Popi hadi sokoni. Mbwa alikuwa na rangi ya buluu mgongoni, na Katunge alikuwa amewalaani watoto wa jirani kwa hilo njia nzima. Daktari wa mifugo alimtazama mbwa, akamtazama mama.

"Huyu ameshadungwa asubuhi, mama. Hiyo rangi ni yetu. Ameletwa na Mzee Kaloki."

Kaloki alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya korongo, mzee aliyeishi peke yake na mbuzi wake. Alipoitwa, alishangaa kuliko Katunge. Mbwa huyo aliitwa Kamanda, akasema, na alilala zizini kwake kila usiku kwa miaka sita. Katunge akajibu kwamba anaitwa Popi na hushinda mlangoni kwake kila mchana kwa miaka hiyo hiyo. Kumbe yule mnyama alikuwa akila isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa mama mchana na mifupa kwa mzee jioni, na kila mmoja aliamini huko kwingine anazurura tu. Katunge aliona aibu, kana kwamba amefumaniwa yeye.

Daktari hakuwa na muda. Kadi ilishaandikwa jina la Kaloki, na mbwa mmoja hawezi kuwa na wenyewe wawili. Kibali kingetoka kwa jina hilo, na mwenye mbwa lazima awe naye safarini. Katunge akauliza je, anayehama asipokuwa mwenye mbwa, na mwenye mbwa asipokuwa anahama? Daktari akasema sheria haijaongea juu ya hilo.

Basi mwezi ule mbwa alifungwa kwa Katunge, na Kaloki akawa anavuka korongo kila jioni kumletea mifupa. Hakusema anamtaka mbwa, wala hakusema hamtaki. Katunge alimpikia chai akiwa hajui anamkaribisha mgeni au mdai.

Siku ya kuhama, mzee alikuja amevaa koti la kanisani. Akapanda lori pamoja na vitanda na kuku, kibali mkononi. Kwenye kizuizi cha Kithimani polisi alisoma jina, akauliza nani Kaloki, akawaruhusu wapite. Katunge hakumwangalia jirani yake njia nzima. Moyo ulimuuma, na hakujua ni kwa sababu gani hasa, maana alikuwa amepata alichotaka.

Kinanie, vyombo viliposhushwa, Kaloki akarudi barabarani kutafuta gari la kwenda nyumbani. Popi akavuta kamba kumfuata. Katunge akashindwa kuvumilia, akaenda hadi alipo mzee na kumnyooshea kamba.

"Rudi naye, Mzee Kaloki. Nimeuliza. Kilichokatazwa ni kutoka, kurudi hakuna shida. Mbuzi zako zitalindwa na nani?"

Kaloki alipokea kamba. Akainama, akamshika mbwa kichwa, akamwita Kamanda kwa sauti ya chini. Kisha akamrudishia Katunge kamba ile mkononi.

"Mama Titus, serikali ilisema mwenye mbwa ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi mwenye mbwa amesema abaki."