Pazia la Chenga

Nilipoolewa Makandana, kebo ya televisheni ilifika sebuleni kwa wakwe zangu kwa waya uliofungwa kwenye mparachichi. Mvua ikinyesha, na Tukuyu hainyeshi ikaisha, picha yote ilikuwa chenga. Mwenye kebo alikuwa na chaneli yake ya hapahapa mjini: harusi, misiba, na Jumapili mchana kwaya za makanisa. Baba mkwe alikuwa akiimba besi katika mojawapo.

Mama mkwe alishika mila ya Kinyakyusa bila kulegeza: mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Akipita uani, mimi naingia jikoni. Nilitii huku nimenuna, maana wa rika langu walishaiacha. Ila kwaya yake ikianza, baba mkwe mwenyewe akiwa mazoezini, nilikaa. "Chenga ni pazia tosha," alisema mama mkwe, tukala magimbi nikimsikiliza mtu nisiyemjua sura.

Kisha wakaleta nyaya mpya na ving'amuzi. Mtaa ukafurahi: mpira, tamthilia zilizotafsiriwa, picha safi hadi jasho la mchezaji unaliona. Mimi nilichukia. Jumapili ya kwanza, kwaya ilipoanza tu, mama mkwe akanitazama, nikabeba sahani yangu kwenda jikoni.

Baba mkwe akafariki. Nililia na wanawake wenzangu, mwili sikuusogelea. Watu walisema mwanangu ni babu yake mtupu, nami sikuwa na pa kulinganisha. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Chaneli ya mjini nayo ikafifia. Kwaya zilibanwa na matangazo, mwishowe tukasikia inafungwa. Jumapili yake ya mwisho wakarudia kwaya za zamani. Nikainuka na sahani. Mama mkwe akanishika kitenge.

"Kaa, mwanangu. Mwone."

Nikamwona. Masikio ya mwanangu, kidevu cha mwanangu, macho yameinama anaikwepa kamera. Nililia mbele ya mama mkwe bila aibu.

"Naye hakuwahi kukuona," akasema. "Alikuwa akiniuliza unafananaje."

"Ukamjibu nini, mama?"

"Nilimwambia ni mzuri ila ananuna, tangu chenga ziishe anakula jikoni. Akasema basi ataimba kwa nguvu, usikie hukohuko."