Mlango wa Chumba cha Mbele

Mlango niliuchonga kabla sijapata nyumba. Sisi wachongaji tuna ugonjwa huo: tukionyeshwa gogo tunaona twiga, tukionyeshwa nyumba tunajiona tayari tumeketi ndani tunakunywa chai.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kariobangi, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Vyumba sita vilizunguka ua mmoja wa simiti, mfereji wa maji katikati, choo nyuma, na kimoja kati ya hivyo sita, kile cha mbele kabisa, kilikuwa kikubwa chenye dirisha linalofunguka barabarani. Aliyeniuzia alinipeleka kuiona katikati ya asubuhi, siku ya kazi, wakati kila mpangaji ameshatoka kutafuta riziki. Milango yote ilikuwa na kufuli.

"Hawa watu wanajua unauza?" nilimwuliza.

"Wanajua kila kitu. Siku ukimaliza kulipa hutamkuta mtu hapa."

Nilimwamini, kwa sababu sikuwa namsikiliza sawasawa. Nilikuwa nautazama mlango wa chumba cha mbele. Ulikuwa umeoza chini hadi paka angeweza kupita bila kuinama, na mikono yangu ilianza kuniwasha. Nikatoa kamba mfukoni, nikapima upana, nikapima urefu, nikafunga mafundo. Hapo ndipo tungelala mimi na mke wangu. Hapo ndipo mtoto wetu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa habari tu ya kunong'onezana, angezaliwa.

Tangu siku hiyo, miezi yote niliyokuwa nikiilipia nyumba kidogo kidogo, nikimaliza swala na vifaru vya watalii, nilibaki karakanani na mlango wangu wa mvule. Nilitaka kuweka simba wawili, mmoja kila upande. Mke wangu alikataa katakata.

"Usiniletee simba nyumbani," alisema. "Mimi nilitoka Ukambani nikiwaogopa, sikuja Nairobi nifungue mlango niwakute. Weka vitu ninavyovijua."

Basi nikachonga kuku na vifaranga vyake chini, mabua ya mahindi pembeni, na katikati sufuria kubwa inayofuka mvuke. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kusema: sijawahi kuchonga kitu kizuri kama kile.

Siku ya kuhamia tulikodi mkokoteni. Juu yake tulipanga kitanda, godoro, masanduku, magogo yangu mawili ambayo mke wangu hakuyataka, na mlango ukiwa umefungwa kwa shuka. Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulipoingia uani tulikuta nguo za watu zimeanikwa kila upande, redio mbili zinashindana, na wapangaji wa vyumba vyote sita wakiwa nyumbani kwao, wametulia.

Dereva mmoja wa lori, kijana ambaye hajaoa, aliyekuwa akinyoa ndevu karibu na mfereji, alitukodolea macho.

"Sema, buda. Hiyo kitanda mnapeleka wapi?"

"Hapa," nikasema. "Mimi ndiye nimenunua nyumba hii. Nyinyi si mlikuwa mhame?"

"Tuhame? Nani alisema? Hakuna mtu ametuambia kitu!"

Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa amekula pesa zangu akapotea zake. Mwenye mkokoteni, ambaye hayo hayakumhusu, alianza kushusha vitu vyetu katikati ya ua, akaondoka zake. Mke wangu, mimba yake sasa ikiwa kubwa, akakaa juu ya kitanda chini ya nguo za watu zilizokuwa zikidondosha maji. Akaanza kuhesabu masanduku yetu. Afadhali angenitukana.

Nikaona niwe mwanamume. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno: kila mtu apewe muda wa kutafuta pengine, ila chumba cha mbele nakihitaji leo hii. Nikakohoa. Wapangaji wakasogea. Mbele yao alikuwa mama mmoja wa makamo, mjane kutoka upande wa Murang'a, aliyefunga kitambaa kichwani na kushika mwiko. Wote pale walimwita Shosho, yaani bibi. Ndiye aliyekaa chumba cha mbele. Alfajiri aliuza uji kwenye lile dirisha kwa watu waendao kazini, na baadaye aliubeba kwenye ndoo kuwapelekea mafundi wa jua kali, ndiyo maana sikumkuta siku ile. Bila dirisha hilo hakuwa na kazi. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati huo nilimwona mtu aliyesimama kwenye mlango wangu.

Kabla sijafungua mdomo, upepo ulifunua shuka.

Shosho aliutazama mlango. Akainama akawagusa vifaranga, mmoja mmoja. Akapandisha mkono hadi kwenye sufuria, akafuata mvuke kwa kidole.

"Hii ni sufuria yangu," alisema.

Nikaanza kuinua kidole, lakini aliniwahi.

"Miaka yote nimemlilia yule mwenye nyumba anibadilishie mlango. Mvua inaingia, panya wanaingia. Yeye ni kesho, kesho." Akageukia wenzake, sasa akipaza sauti ili hata wa chumba cha mwisho asikie. "Mnaona? Huyu hata hatujui, na kitu cha kwanza ameleta ni mlango wangu! Na ameweka sufuria ya uji! Mungu akubariki, baba. Akubariki wewe na huyu msichana, na huyo mtoto."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Nilisimama nikiwa nimetoa kidole kile nilichotaka kumwonyeshea njia ya kutoka. Nikamtazama mke wangu aniokoe.

"Unangoja nini?" alisema. "Utundike."

Niliutundika. Mafundo yangu hayakuwa yamekosea, mlango uliingia kwenye fremu bila kuupiga randa hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Shosho aliufungua na kuufunga, akaufungua tena, kisha akawapakulia watu wote uji. Ndipo mke wangu, kikombe mkononi, alipowaambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba sisi ndio wenye nyumba na hatuna pa kulala.

Kicheko kikalipuka. Walicheka hadi nami nikacheka, ingawa kwa hasira. Kisha wakakaa kikao pale pale, wakaanza kwa maombi kama ilivyo desturi, na kabla jua halijazama yule dereva akawa amekubali kuhamia kwa jirani yake karani, ambaye walikuwa hawasemezani naye kwa sababu ya mpira.

"Mimi niko safari siku nyingi," dereva alisema. "Chukueni hiyo room. Lakini huyu asiguse redio yangu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwangu: chumba cha nyuma, karibu na choo. Nilipobaki na mke wangu nilimwakia.

"Umetoa chumba chetu!"

"Ulitaka nizae nikiangaliwa na mtu niliyemfukuza?" alinijibu, akageukia ukutani.

Binti yetu alizaliwa mwezi uliofuata, mikononi mwa Shosho, kwa sababu gari la kumpeleka hospitali lilichelewa. Kwa majuma kadhaa mke wangu hakushika ufagio wala ndoo. Uji mzito ulikuja kila asubuhi.

Miaka ilipita. Kila aliyemtafuta mwenye nyumba, awe askari wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, au watu wa harambee ya kanisa, alibisha kwenye mlango mzuri. Shosho aliwaelekeza nyuma. Huko walinikuta nimevaa kaptura, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, wakaniuliza tajiri wangu yuko wapi.

Hatimaye Shosho akaamua kurudi kwao kulima. Asubuhi ya kuondoka nilichukua bisibisi nikaanza kulegeza bawaba. Nilitaka aende na mlango wake. Moyo uliniuma, lakini nilitaka.

"Acha, baba," alisema. "Mlango ni wenu. Mliuleta mlale nyuma yake."

Bisibisi ikanidondoka. "Ulijua?"

"Siku ile ile. Ni nani humchongea mtu mlango na hamjui? Niliona kidole chako kinakuja. Nikasema, wacha nimshukuru haraka, mbele ya watu. Sasa ungenitoa aje?"

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. "Na mimi nilijua unajua," alimwambia, na wakakumbatiana, wakicheka na kulia.

Katika ua wote ule, aliyekuwa hajui alikuwa mwenye nyumba peke yake.