Sanduku la Pampu ya Gando

Nusaiba alifunga mikono nyuma isije ikamponyoka ikaenda kusaidia. Ndivyo walivyokubaliana: Bi Saada, mwangalizi wa pampu, aunge waya peke yake, fundi asitie neno wala kidole. Sanduku la kuendeshea pampu likiungua mara hii ya tatu, Mzee Mjaka wa kamati ya maji alishasema, atatafutwa fundi mwengine. Na hapo karakana ya Nusaiba kule Wawi nani tena ataikanyaga?

Kwengine sanduku hupigiliwa ukutani likakaa. Hapa kijijini Gando liliwahi kuibwa, basi kila jioni Bi Saada hulifungua waya akalala nalo uvunguni, asubuhi akalirudisha. Nusaiba hakuyajua hayo; alipanga terminali sita za skrubu za kubania ncha za waya, zote sura moja, kama alivyofunzwa chuoni. Bi Saada ana mtoto wa jicho. Waya wa umeme akautia penye waya wa tangi, ule wa kupimia maji, moshi ukatoka. Mara mbili! Mara ya pili Nusaiba alipandwa na hasira, akamwambia mbele ya kina mama na ndoo zao kwamba hata mbuzi angeshafunzika. Ulimi hauna mfupa, jamani.

Yalimchoma mwenyewe maneno yale. Akazing'oa skrubu zote, akatia plagi tatu: nene, nyembamba na ya pembetatu, kila moja na tundu lake.

Sasa Bi Saada alizipapasa plagi hizo. Akaishika ile nene, akaipeleka kwenye tundu la tangi. Haikuingia. Akakandamiza, plastiki ikalia. Ikivunjika ikaingia, sanduku limeungua tena. Nusaiba alitaka kupiga kelele, akajiuma ulimi. Mzee Mjaka alikuwa akimtazama yeye, si plagi.

Bi Saada akasita. Akapitisha kidole gumba kwenye matundu, moja baada ya moja, akahamisha. Ikaingia. Ya pili ikaingia, na ya tatu. Akapandisha swichi.

Pampu ikakohoa, maji yakaja. Ndoo zikasogezwa, lakini Bi Saada hakusogea.

"Siku ile ulininenea mbele ya hawa," alisema. "Leo je?"

Nusaiba aliona haya hadi akatamani ardhi immeze. "Kosa lilikuwa langu, Bi Saada. Nilitengeneza bila kukuuliza unavyofanya kazi."

Bi Saada alijifuta macho kwa pembe ya kanga.

"Basi na wale wa Wingwi unaokwenda kuwatengenezea sanduku lao, mwanangu, kawauliza kwanza. Nako kuna wazee."