Waya wa Pili wa Nuadhibu

Surua ilimpata Mneitu akiwa na miaka saba. Ilimwachia macho, ikaondoka na masikio. Maneno alikuwa nayo bado, lakini kila alipofungua kinywa watoto wa mtaa walimwiga, wakilia kama mbuzi, mpaka akaacha kabisa kusema. Aliyemwokoa ni mdogo wake, Tutu. Wawili hao walijitungia lugha ya mikono. Kugusa ndewe ya sikio kulimaanisha mama, kwa ajili ya herini zake. Kukamua kitambaa kisichokuwepo kulimaanisha nimekukumbuka, maana kwao walikuwa watia rangi. Mama yao aliijua nusunusu lugha ile, naye akafa. Dunia nzima ikabaki na watu wawili wa kuisema.

Kisha Tutu akaolewa na fundi wa mitambo ya meli, wakahamia Las Palmas, ng'ambo ya bahari.

Mneitu akabaki Nuadhibu kwa kaka yao, Yarba. Alishinda uani akitia rangi melhafa, zile nguo ndefu za kujitanda za wanawake, mikono buluu hadi viwikoni, na mke wa Yarba, Lalla, alizipeleka sokoni akijisifu kuwa ni kazi yake. Nyumbani mle Mneitu aliitwa kwa kurushiwa kitu: ndala, kokwa la tende, chochote kilichokuwa karibu. Kwa kuwa hakuna aliyemsemesha, alianza kutazama midomo ya watu. Ukapita mwaka, ikapita mitano, na midomo ikawa haimpiti tena. Hakumjulisha mtu. Walipomsema mbele yake, aliinama akaendelea kukamua.

Kila Ijumaa baada ya sala Tutu alipiga simu ya video. Mneitu alioga mapema, akajitanda melhafa safi. Simu iliegemezwa kwenye birika la chai, naye akaanza kumwaga kwa mikono maneno yote aliyoyaweka wiki nzima. Lakini intaneti ya siku zile! Sura ya Tutu ilikwama mdomo wazi, mikono yake ikafika vipande vipande, kama mtu anayezama kwenye uji. Mneitu aliuamini uji ule. Alijua mna majibu yake humo ndani, ni njia tu mbovu.

Deddah, fundi simu wa pale kona, ndiye aliyeleta habari.

"Nchi nzima tunanyonya waya mmoja chini ya bahari," aliwaambia wateja wake, Lalla na Mneitu wakiwemo. "Ngamia mmoja, kambi nzima inakamua! Siku ile ulipokatika si mliona? Hata benki zilifunga. Sasa unakuja wa pili, tena mnene. Mmoja ukifa, mwingine unabeba. Na picha zitakwenda kama maji."

"Na huyu bubu wetu?" Lalla akauliza. "Utamwotesha masikio?"

Watu wakacheka. Mneitu aliyaona maneno yote. Akamvuta Deddah shati, akamwonyesha simu. Deddah akanyoosha kidole kimoja, kisha viwili, halafu akapitisha kiganja mbele ya uso wake kama anayefuta kioo. Mneitu akaelewa, akambusu kichwani hadharani. Wakacheka tena.

Alingoja miaka miwili. Meli ya waya ilipofika, alitembea hadi ufukweni na upepo ukimtia mchanga machoni. Akawatazama wanaume wakiuvuta waya kutoka majini juu ya maboya ya rangi ya chungwa, akasimama pale mpaka ukafukiwa. Ikapita miezi kadhaa kabla haujaanza kazi.

Ijumaa ya kwanza, picha ilikuja safi hata akaona jino jipya la dhahabu kinywani mwa Tutu. Mneitu alilia. Akashika ndewe ya sikio, akakamua hewa, akauliza maswali ya miaka tisa.

Tutu akatabasamu, akachezesha vidole. Kisha akamgeukia Lalla, aliyekaa kando, na midomo yake ilionekana wazi kuliko ya mtu aliye chumbani.

"Anasema nini huyu, wifi? Mimi mikono hiyo nimeisahau zamani. Natikisa tu vidole."

"Wee! Miaka yote?"

"Miaka yote. Ile picha mbovu ilikuwa inanisitiri. Sasa nitajificha wapi?"

"Tikisa tu, shoga. Huyo anashiba na chochote."

Mneitu aliisogeza simu karibu. Halafu akasema kwa mikono, polepole, kama anayemfundisha mtoto: Mimi nimekufa. Nilizikwa Jumanne. Lalla ndiye aliyeniosha.

Tutu akaitikia kwa kichwa, akicheka kwa furaha, akambusu kupitia hewani.

Mneitu akailaza simu kifudifudi mkekani, akarudi uani kwenye ndoo zake. Ijumaa iliyofuata Lalla alimrushia ndala mbili, hakuinuka. "Kanuna," Lalla akamwambia Tutu. "Sijui kaona nini." Tutu hakuuliza zaidi, na baada ya mwezi akaacha kumtaja.

Deddah hakujua lililotokea, ila aliona mwenzake amenyong'onyea. Akamtafutia kwenye simu viziwi wa mji mkuu, Nuakshoti, wanaokutana kwa video na kufundishana lugha ya mikono ya viziwi wote. Mneitu alitazama mikono ile ikikimbia, watu wakicheka, naye hakuambulia hata neno. Ana miaka arobaini na mmoja, hana neno hata moja. Akaomba irudiwe. Akajaribu, vidole vilivyokakamaa kwa rangi vikakosea, Deddah akaangua kicheko. Akajaribu tena.

Leo ana maneno kama mia mbili, na mtu mmoja wa kuzungumza naye, mshonaji wa Nuakshoti ambaye hajawahi kuonana naye ana kwa ana. Majuzi mshonaji yule alimwuliza kama ana dada.

Mneitu alijibu kwamba hana.