Kyoto Mwezi wa Nne

Baba yangu alikuwa mbishi, na ubishi wake mkubwa ulikuwa kwamba hafi kabla hajaiona Kyoto. Ujanani alikuwa karani kwenye mgodi wa shaba huko Katanga, wakati Wajapani walipokuwa wakichimba, na fundi mmoja alimwachia kalenda yenye picha za mji huo. Kalenda ilichakaa, hamu haikuchakaa. Alipokuja kukaa nami Ganshoren, huku Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 2010, aliazima kitabu cha watalii maktaba na hakukirudisha mpaka walipomwandikia barua ya pili.

Alipanga siku tano za mwezi wa kumi. Ya kwanza, kilima chenye maelfu ya malango mekundu, kupanda alfajiri kabla watu hawajajaa. Ya pili, bustani ya mawe kumi na matano, ambako ukikaa popote jiwe moja halionekani. Hilo lilimkera, alisema yeye atayaona yote. Ya tatu, sokoni, kuonja achari zao na samaki wakavu. Ya nne, msitu wa mianzi. Ya tano aliiacha wazi ili apotee njia. Kwa ajili ya kile kilima akasusia lifti ya jengo letu, akawa anapanda ngazi hadi ghorofa ya tano huku mimi nikimcheka.

Mwezi wa tisa tumbo likamsumbua. Nikaomba ruhusa kazini, kwenye ofisi nilizokuwa nikisafisha mtaa wa Schuman, nikampeleka hospitali. Baba alikuwa bado amelala baada ya vipimo daktari aliponiita koridoni: saratani ya kongosho, labda miezi sita. Nikamsihi asimwambie. Akakunja uso, akasema mgonjwa ana haki ya kujua. Nikamjibu kwamba tutamwambia wenyewe, na huo ulikuwa uongo. Kwetu mgonjwa haambiwi. Ukimwambia, umemsukuma kaburini. Kaka yangu aliyeko Lubumbashi alikubali kwenye simu bila kufikiri hata dakika moja.

“Docteur alisema nini?” baba aliniuliza ndani ya basi.

“Ni kidonda ya tumbo, papa. Bon, itapona pole pole.”

“Donc mu octobre naweza kwenda?”

“Hapana. Upate nguvu kwanza. Tutaenda mwezi ya ine, wakati ya maua.”

Alifurahi. Akaupanga upya mpango wote kufuata maua ya micheri ya Wajapani, akaandika ni mfereji gani una miti mingi na saa ngapi jua huufikia. Oktoba bado alikuwa akitembea mwenyewe hadi mbele ya basilika, kanisa kubwa la jirani, na kurudi. Desemba aliishia kwenye kona ya mtaa. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu, nikaendelea kumwambia ale vizuri, mwezi wa nne uko karibu.

Februari alikuja nyumbani muuguzi mpya, Mbelgiji mpole ambaye sikuwahi kumwonya, akamwuliza kwa Kifaransa kama angependa kufia nyumbani au hospitali. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nilipofika mlangoni, baba alikuwa ameshamjibu kwa adabu zake zote. Alichagua nyumbani.

Muuguzi alipoondoka, baba hakunitazama.

“Mulijua tangu lini?”

“Septembre, papa.”

“Kama mulinambia, ningeenda mu octobre.”

Nilipaswa kuomba msamaha. Badala yake hasira ikanipanda, kwa sababu nilikuwa na aibu na sikujua pa kuipeleka.

“Ni weye ulitufundisha,” nikamwambia. “Wakati maman alikuwa mugonjwa, ulikataza hata majirani kumwambia. Alikufa akijua ni malaria.”

Uji ukaungua jikoni, nikasikia harufu na sikwenda kuuepua.

“Na yeye,” akasema, “alitaka kwenda wapi?”

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akasema hata yeye hajui, hakuwahi kumwuliza.